Ukimfundisha mtu kufuma, mwanzishie wewe
Anayejifunza kufuma kwa sindano mbili usimwanzishe kwa kupandisha vitanzi, yaani kuweka vitanzi vya mwanzo vya uzi kwenye sindano; wengi hukatia tamaa hapo hapo. Mpandishie wewe vitanzi 20, mfumie na mistari miwili mitatu, ndipo umkabidhi sindano. Uzi uwe mnene, wa rangi ya maziwa au njano. Mweusi unaficha vitanzi, na usiku ndiyo balaa kabisa.

Kila mwisho wa mstari ahesabu. Akikuta 21, angalieni ukingoni: mara nyingi uzi ulirudi nyuma kwa kupita juu ya sindano, kitanzi cha kwanza kikavutika kikaonekana viwili, naye akavifuma vyote. Kabla ya kuanza mstari uzi uning'inie mbele, chini ya sindano, kisha aupeleke nyuma kwa kuupitisha chini. Anayetumia mkono wa kushoto mkalishe mtazamane, afuate mikono yako kama kwenye kioo.