Somo: kumtafuta mjusi wa chini ya majani bila kumharibia makao

Wageni wengi wa misitu ya Bwindi na Mabira, Uganda, hutembea macho juu, wakitafuta kima na ndege. Huku chini, kwenye majani yanayooza, anaishi mjusi mwembamba wa kahawia wa jenasi ya Leptosiaphos. Magamba yake yanang'aa kama yamepakwa mafuta, na miguu ni mifupi mno. Mmoja wao, Leptosiaphos aloysiisabaudiae, alipewa jina mwaka 1907 kwa heshima ya Luigi Amedeo wa ukoo wa kifalme wa Italia, aliyeongoza msafara wa Rwenzori mwaka 1906.

Hatua ya 1: ruhusa. Hifadhi za taifa, kama Bwindi, ziko chini ya UWA (mamlaka ya wanyamapori ya Uganda), Mabira chini ya NFA (mamlaka ya misitu). Lipa kiingilio, chukua kiongozi, mwambie mapema unatafuta nini.

Hatua ya 2: wakati. Asubuhi, jua likianza kupenya baada ya mvua ya jana.

Hatua ya 3: gogo. Hapa tusiharakishe. Inua gogo ukilivuta kuelekea kwako, ili uwazi uwe upande wa pili. Nyoka akiwemo atatokea huko, si miguuni pako. Tazama kidogo tu. Mjusi akishasogea, rudisha gogo palepale, upande uleule. Likiachwa limepinduka, udongo hukauka, wadudu anaowala huhama, na mayai yaliyofichwa humo huharibika. Gogo lililooza hadi linameguka usiliguse kabisa. Nawaomba sana katika hili.

Hatua ya 4: picha. Usimkamate. Mkia hukatika upesi, na ingawa huota tena, akiba ya mafuta iliyokuwamo imepotea. Piga picha ya ubavu, kichwa na vidole. Kuna spishi za vidole vitano na za vinne, kwa hiyo picha isiyoonyesha vidole haisaidii sana. Kisha ikuze kwenye jicho: kope la chini lina kidirisha angavu, hivyo anaona hata akiwa amelifumba. Mimi sichoki kukitazama.

Maswali ya wanachama

*Fort Portal:* Shikamoo mwalimu. Wale wenye mistari kwenye kuta zetu ndio hawa?
Marahaba. Sio wao. Hao ni Trachylepis, ndugu zao wakubwa wanaopenda kuota jua.

*Jinja:* Bibi anasema akikuuma unakufa.
Mweleze bibi kwa upole kwamba hana sumu, na kinywa chake ni cha kula wadudu tu. Mwombe asiwaue.

*Kabale:* Bwindi nilimwona mmoja amepanda shina la mti, magamba hayang'ai.
Huenda ni Adolfus, wa ukoo mwingine kabisa. Huyo ni mpandaji hodari. Tuma picha tumwone.

*Lugazi:* Nikimpata niandike nini?
Tarehe, mahali, mwinuko, na alikuwa chini ya nini: gogo, jiwe au majani. Mwinuko ndio watu husahau, na simu nyingi zinao.