Somo: Arusha – Tarangire – Oldupai – Natron siku 5 kwa gari lako (panga kwa masaa na lita, achana na kilomita)

Wakuu habari za humu. Tangu niweke zile picha za flamingo wa ziwa Natron kila mtu ananifuata pembeni, mlipitaje, mlilala wapi, gari gani, sasa nimechoka kujibu mmoja mmoja naandika hapa mara moja. Mimi sio dereva wa watalii, ni mtu wa Sakina tu hapa Arusha nina Prado ya zamani ya petroli, njia hii nimeenda mara tatu na mara ya kwanza nilikosea karibu kila kitu.

Kosa kubwa lilikua kuangalia ramani na kuhesabu kilomita. Arusha mpaka Karatu ni kama kilomita 140, lami tupu, masaa mawili na nusu (ungeenda haraka ila kila kijiji ni 50 na jamaa wa tochi, trafiki wa kupima spidi, wapo chini ya mti). Mto wa Mbu mpaka Ngare Sero, kijiji cha pale Natron, ni kama 120, pungufu kabisa, na inaweza kukula masaa manne na mgongo juu yake. Kwahiyo kila siku ya safari mimi najiuliza vitu viwili tu, nina masaa mangapi ya mwanga na nina lita ngapi za mafuta na maji.

HATUA YA 1, MSIMU
Juni mpaka Oktoba. Masika usijaribu Natron, vuli inategemea na bahati yako. Na hapa niwaeleze vizuri kuhusu makorongo maana ndo yanayokamata watu. Barabara ya kutoka Mto wa Mbu kupita Selela na Engaruka inakatiza makorongo mengi, ukiyaona kiangazi ni mchanga mkavu na mawe, mbuzi wamelala humo. Sasa mvua inaweza kua inanyesha kule juu milima ya Ngorongoro huku chini wewe uko kwenye jua kali hata wingu huoni, maji yanashuka yenyewe na yanakukuta. Mara ya pili tulifika kwenye korongo moja mbele ya Engaruka maji ya rangi ya chai ya maziwa yanapita na matawi, jamaa mmoja wa kwenye gari letu akasema ni kina cha goti tu tupite. Mzee mmoja wa Kimasai alikua amekaa ng'ambo ya pili anatuangalia, akatikisa kidole tu. Tukazima gari. Baada ya kama lisaa na nusu maji yamepungua tukaona pale tulipotaka kupita kuna jiwe limesogea limekaa katikati ya njia, kubwa kuliko friji. Kwahiyo sheria ni hii, maji yakiwa yanatembea unasubiri, na usiegeshe wala kupiga hema ndani ya korongo hata kama kuna kivuli kizuri.

HATUA YA 2, GARI
Foo bai foo yenye tairi nzuri, sio ya kuazima dakika ya mwisho. Spea mbili kama unaweza, pampu ndogo ya upepo ya kuchomeka kwenye gari, kamba ya kuvutia, koleo, na kipande cha ubao mnene cha kuweka chini ya jeki, usipokua nacho jeki inazama kwenye mchanga gari inabaki palepale. Ukitoka lami punguza upepo, mimi natoka psi 35 nashuka 26 hivi, kwenye mchanga mzito nashuka mpaka 20, ukirudi lami jaza tena usisahau.

Alafu kitu ambacho hakuna mtu alinambia: kabla hujatoka fungua tairi zote nne wewe mwenyewe, kwa spana ile ile iliyopo kwenye gari. Mimi siku moja kabla ya safari nilipeleka gari gereji moja hapa mjini wakanibadilishia tairi na wakafunga nati kwa ile mashine ya upepo. Tumepata pancha kabla ya kufika Engaruka, nachukua spana nasukuma, nati haitikisiki, nasimama juu ya spana na kilo zangu 90, wapi. Wakaja vijana wawili wa Kimasai, mmoja akakimbia boma akaleta bomba la chuma, tukalichomeka kwenye spana tukaning'inia watu watatu ndo nati ya kwanza ikalia kwaaa. Nati sita, dakika 50, saa 8 mchana.

HATUA YA 3, MAFUTA NA MAJI
Mzunguko wote unakuja karibu kilomita 900 ukiweka na kuzunguka hifadhini. Gari langu kwenye vumbi na mawe linakula lita moja kwa kilomita 5. Sheli ya mwisho ya kuamini ni Mto wa Mbu, kutoka hapo kwenda Natron, kuzunguka na kurudi weka kilomita 300, yani lita 60, na mimi naongeza dumu la chuma la lita 20 limefungwa nje ya gari, sio ndani mnakokaa. Maji ya kunywa lita 5 kwa mtu kwa siku na mengine ya rejeta. Natron ni chini, mita 600 hivi juu ya bahari, joto la mchana linagonga 40.

HATUA YA 4, MALIPO
Mageti ya Tanapa (hifadhi za taifa) na Ngorongoro ni namba ya malipo, unalipa kwa simu au benki, kwahiyo laini iwe na salio kabla hujafika maana mtandao ukigoma getini utakaa. Kibali kinahesabu masaa, angalia mwisho wake ni saa ngapi. Viwango vya raia ni tofauti kabisa na vya mgeni, beba kitambulisho cha taifa, na bei angalia wiki hiyohiyo ya safari maana zinabadilika. Njia ya Natron kuna vizuizi vya ushuru zaidi ya kimoja, weka keshi pembeni na kila unapolipa dai risiti, kuna sehemu nililipa mara mbili kwa sababu ya kudharau kakaratasi.

HATUA YA 5, SIKU KWA SIKU

Siku ya 1: toka Arusha saa 12 asubuhi, Makuyuni nyoosha njia ya Dodoma, hifadhi ya Tarangire ni kama kilomita 120 toka mjini. Kiangazi tembo wote wanasogea mtoni, utawaona wanachimba mchanga kwa miguu kutafuta maji, na mibuyu kila upande. Usivae nguo nyeusi wala bluu, mbung'o wanazipenda hizo rangi na wanang'ata kupitia jinsi. Saa 10 jioni uwe unatoka, kalale Karatu. Guesti nzuri zipo nyingi, baridi ipo.

Siku ya 2: Oldupai. Geti la Lodoare, la kuingilia Ngorongoro, wanafungua saa 12 asubuhi, na lami inaishia hapo. Funga vioo wakati unashughulika na karatasi, nyani wa pale wanajua mlango wa gari kuliko wewe (walichukua mkate wetu mzima, mmoja akakaa juu ya boneti anakula anatuangalia usoni). Juu ya ukingo wa kreta ni mita 2,300 hivi, ukungu asubuhi, vaa koti. Simama pale kwenye kituo cha kutazamia uone kreta, alafu endelea.

Oldupai watu wengi wanapitiliza wanakimbilia Serengeti, mimi naona wanakosea. Ni korongo la kama kilomita 48, kina kinafika mita 90, na jina lenyewe ni la Kimasai, oldupai ni mkonge pori unaoota humo. Ukisimama pale juu unaona tabaka zimepangana kama keki, chini kabisa mwamba mweusi wa volkano, juu yake kijivu, alafu ule mkanda mwekundu unaoonekana kwenye kila picha. Majivu ya volkano na udongo wa ziwa la zamani vilijazana, baadae maji yakakata yakashuka nayo yote yakabaki wazi. Ndo maana mtafiti Mary Leakey mwaka 1959 aliweza kuliona fuvu la Zinjanthropus, jamii ya binadamu wa kale, la miaka kama milioni 1.75, bila kuchimba kisima. Fuvu lenyewe halisi liko makumbusho ya Dar. Ulizia pia mchanga unaohama, ni tuta la majivu meusi ya mlima wa volkano Ol Doinyo Lengai lenye umbo la mwezi mwandamo, upepo unalisukuma kama mita 17 kwa mwaka, wameweka vibao vya miaka nyuma yake uone lilipotoka. Rudi Karatu, na Lodoare uwe umeshatoka kabla ya saa 12 jioni.

Siku ya 3: shuka Mto wa Mbu, jaza mafuta, nunua ndizi nyekundu, ingia vumbi. Barabara ina mikunjo kama bati. Engaruka simama kidogo uone magofu ya mawe na mifereji ya wakulima wa zamani. Kutoka hapo Lengai unauona mbele muda wote.

Siku ya 4: Ngare Sero. Chukua mwongozo wa kijiji, ni lazima na ni vizuri. Asubuhi mapema nendeni korongoni kwenye maporomoko, kama lisaa la kutembea, mnavuka mto huohuo mmoja mara kadhaa, vaeni katambuga au sandozi za kamba, raba utazililia. Jioni ziwani na kwenye nyayo za watu wa kale, zaidi ya 400 kwenye majivu yaliyoganda. Gari usilisogeze ufukweni, juu panaonekana pamekauka kama chapati, chini ni tope.

Siku ya 5: nyumbani, toka saa 12 asubuhi.

MASWALI

Mama Junior: Asante kaka. Sisi tuna Noah, itafika?
– Dada, Tarangire kiangazi na Karatu sawa, tena utafurahi. Natron na Noah hapana. Yapo yaliyofika, ila waulize walirudi na nini.

Kijana wa Njiro: Kreta umeiruka makusudi au bajeti?
– Makusudi. Kreta inataka siku yake, ushuke asubuhi na mapema, na malipo yake ya kushuka ni mbali na kiingilio. Ukiichomeka siku moja na Oldupai utaviona vyote kupitia dirishani. Ukitaka, iwe safari ya siku 6, na uliza Lodoare kabisa kuhusu mwongozo kabla hujashuka.

Mchaga wa Moshi: mkuu sisi wa Moshi tuongeze siku?
– Usiku mmoja tu, njooni mlale Arusha. Mkitoka Moshi alfajiri, ile foleni ya Usa River mpaka mjini itakula masaa yenu ya Tarangire.

Mzee Msuya: Mimi nina miaka 66, nataka kupanda Lengai. Naweza?
– Shikamoo mzee. Lengai wanaanza saa 5 au 6 usiku ili wafike juu alfajiri kabla ya jua, ni mita 2,962 na mteremko ni mkali, majivu unapanda hatua mbili unarudi moja. Kushuka ndo kunamaliza magoti. Mimi nina 38 nilishuka kwa makalio. Na ni volkano hai, mwaka 2007 ililipuka, kwahiyo sikiliza wanakijiji wanasemaje wiki hiyo. Ningekua wewe ningeenda maporomoko.

Kijana wa Njiro: af kutoka Natron si unaweza kutokea Serengeti kwa juu?
– Unaweza, unapanda ukuta wa Bonde la Ufa kwenda Sale, Wasso, unaingia geti la Klein. Ila hapo ongeza siku mbili, viingilio upya na mafuta ya kuhesabu tena.

Mama Junior: Basi Noah tunaiacha, tunakodi Land Cruiser ya mtu. Nikague nini?
– Mwambie mwenyewe aje na spana, fungueni nati zote mbele yako.