Hesabu milango kabla ya vitanda: kuchagua tela la familia lenye chumba cha dabo deka

Muuzaji alifungua mlango wa tela, nyumba ya magurudumu inayovutwa na gari, akashusha ngazi, akasema humo wanalala watu 10. Mume wangu hakumjibu. Kabla hatujahamia Texas aliendesha semi miaka tisa kati ya Dar na Tunduma, kwa hiyo akiona tela huinama kwanza kutazama ekseli na matairi. Mimi nikapanda ndani kuhesabu vitanda: kikubwa cha mbele, vinne vya dabo deka nyuma, kochi linalokunjuka, meza inayogeuzwa kitanda. Kweli, ukijaza kila kona kumi wanaenea. Tukalinunua. Baada ya miezi 14 tukaliuza kwa hasara, kwa sababu vitanda nilivihesabu, milango sikuihesabu.

Mimi ni muuguzi wa mikataba. Wiki 13 hospitali hii, kisha tunang'oa nanga kwenda mji mwingine. Binti yetu ana miaka 14, wadogo zake wa kiume 11 na 7. Kupanga nyumba kila baada ya miezi mitatu, kuhamisha vyombo, kutafuta magodoro, kulichosha familia nzima, ndipo tukaingia kwenye maisha ya tela. Naandika kwa ajili ya wenzangu wanaonipigia simu kuuliza wanunue lipi.

Kwanza tuelewane tunazungumzia kitu gani. Kuna tela linalofungwa nyuma ya gari kwenye mpira wa chuma, na kuna hili ambalo Wamarekani huliita gurudumu la tano. Aliyepanda semi analijua: ile sahani nzito iliyolala juu ya hosi, yaani kichwa cha lori kinachovuta, ambayo pini ya tela huingia na kujifunga. Jina ni la zamani, la magari ya farasi, ambayo juu ya ekseli ya mbele yalikuwa na duara la chuma lililolala ili magurudumu yaweze kukata kona. Huku sahani hiyo hufungwa ndani ya bodi ya pikapu. Sehemu ya mbele ya tela hupanda juu ya pikapu kama shingo, na humo ndimo huwekwa chumba cha wazazi, ngazi mbili tatu juu ya sakafu. Chumba cha watoto kinaweza kuwa nyuma kabisa au katikati, na hapo ndipo akili inapotakiwa.

Tela letu la kwanza lilikuwa na chumba cha nyuma. Vitanda vinne, viwili kila upande, kabati la televisheni, na badala ya mlango, pazia la kukunja. Kwa wiki mbili za likizo ni raha tupu. Kwa maisha, binti aliyekwisha kuvunja ungo akilala chumba kimoja na kaka zake nyuma ya pazia, hapana. Sisi ni watu wa Tanga, tumelelewa kwamba watoto wakifika miaka kumi hutenganishwa malazi. Nilikuwa nalijua hilo siku ile nilipotia saini, lakini macho yalikuwa yameshikwa na jiko kubwa. Ikawa binti analala kwenye kochi sebuleni, na mimi nikirudi zamu ya usiku saa mbili asubuhi nanyata kama mwizi nyumbani kwangu.

Halafu akaja mama yangu kutoka Pongwe, miezi mitatu. Choo kilikuwa kimoja, kati ya sebule na chumba chetu. Mama mtu mzima, avuke sebule na khanga moja huku mkwewe amekaa anakunywa chai? Alikuwa anasubiri hadi mume wangu atoke. Siku ya nne akaniambia, "Mwanangu, nyumba nzuri, lakini haina uani."

Neno hilo ndilo lililotuchagulia tela la pili. Tulitafuta lenye uani. Kuna michoro ya vyumba ambayo chumba cha nyuma kina choo chake kidogo, sinki, na mlango wake wa kutokea nje. Kuna mingine yenye chumba kidogo katikati, sakafu sawa na sebule, mlango wa kweli wa kufunga, kitanda juu na meza ya kusomea chini. Sisi tulipata lenye vyote viwili: wavulana nyuma, binti katikati. Akija bibi yao, analala katikati na mjukuu wake, hapandi ngazi, na choo chake ni cha nyuma. Kama watoto wako bado wadogo au wote ni wa jinsia moja, usijitwishe mzigo huu. Chumba kimoja cha nyuma kinawatosha, na utaokoa futi sita na fedha nyingi.

Maana kila mlango una uzito, na uzito hapa si jambo la kukisia. Tela letu lina urefu wa futi 42 na uzito wake wa mwisho unaoruhusiwa ni ratili 16,000, kama kilo 7,250. Katika tela la aina hii, kiasi cha moja ya tano ya uzito, mara pungufu kidogo mara zaidi, hukaa juu ya pikapu kupitia ile pini. Kwetu ni ratili 3,200. Sasa fungua mlango wa dereva wa pikapu yako usome kibandiko kilichopo kwenye fremu: kinasema abiria na mizigo yote isizidi ratili kadhaa. Ya kwetu ya zamani ilisema 3,400. Mume wangu akachukua kalamu: pini 3,200, sahani yenyewe 200, sisi watano na vikorokoro vya ndani ya gari 650. Jumla 4,050. Tumezidisha ratili 650, na injini ilikuwa na nguvu za kutosha kabisa kuvuta! Hapo ndipo watu hudanganyika. Muuzaji atakwambia gari linavuta, na hatasema uongo. Ila kuvuta ni jambo moja na kubeba ni jingine. Tulilazimika kubadili pikapu, tukachukua ya magurudumu manne nyuma. Kwa hiyo chagua mchoro na gari siku moja, usitangulize kimoja.

Ukishapakia kila kitu, maji, unga, nguo, nenda kapime. Kwenye vituo vya malori kuna mizani inayoitwa CAT Scale, unalipa unapewa karatasi ya uzito wa kila kundi la ekseli. Mume wangu alicheka sana: miaka yote aliogopa mizani ya Vigwaza, leo anaifuata mwenyewe na pesa mkononi. Na usisahau kwamba lita moja ya maji ni kilo moja. Tangi la galoni 60 likijaa umebeba zaidi ya kilo 225, kwa hiyo sisi husafiri na maji ya kutosha njiani tu.

Ukiwa bado kwa muuzaji, mwambie afunge slaidi zote. Slaidi ni zile sehemu za ukuta zinazosukumwa nje kama droo ukishaegesha, ndizo zinazofanya ndani kuwe na nafasi ya kucheza. Watu hutazama tela likiwa limefunguka, wakashangilia, wakanunua. Wewe lifunge, kisha jaribu kufika chooni. Jaribu kufungua friji. Jaribu kufika kitanda cha mtoto. La kwanza letu likifungwa, kochi lilikuja kuziba njia ya chooni kabisa. Tulisimama kando ya barabara ya I-40, magharibi mwa Amarillo, upepo unavuma unataka kuvua watu vilemba, mtoto anataka choo, na ili afike ilibidi tusukume slaidi nje kwenye maegesho ya malori. Kila safari hivyo hivyo.

Kisha panda kitandani. Usione haya, vua viatu ulale juu, chini, kila mahali, na mtoto mkubwa kuliko wote naye alale. Pembeni ya kitanda huwa na kibandiko cha uzito kinaoweza kubeba. Vyetu vya kwanza viliandikwa ratili 150, yaani kilo 68, na kijana wa miaka 11 si wa kubaki 11. Pima godoro pia. Mengi ni membamba na mafupi kuliko ya dukani, shuka za kawaida hazikai. Mimi hukata vitambaa na kushona mwenyewe, na nimeshawashonea majirani wa Kimarekani watatu kwa malipo.

Ukungu sikuutarajia. Majira ya baridi ya kwanza Minnesota niliinua godoro la mdogo nikakuta chini yake kumelowa na kuota weusi. Mbao iliyo chini imegusana na baridi, mtoto anapumua usiku kucha, maji yanatunga. Tuliweka chini ya godoro neti ngumu ya plastiki ili hewa ipite, tukawa tunafungua tundu la paa kidogo hata kukiwa na theluji, na mashine ndogo ya kuvuta unyevu. Tangu hapo pakavu. Chumba cha nyuma pia ndicho kilicho mbali zaidi na hita. Weka mkono kwenye tundu la hewa la huko kabla hujalipa, uone kama joto linafika au linapiga chafya tu.

Dirisha la dharura lina mpini mwekundu. Hakikisha kila chumba cha kulala kina njia hiyo, na mtoto wa kitanda cha juu aweze kulifungua kwa mikono yake. Sisi hufanya zoezi kila tunapohamia mji mpya, taa zimezimwa, na wa miaka 7 ndiye mwepesi kuliko wote. Vipima moshi na gesi nabonyeza siku hiyo hiyo.

Umeme: tela la vyumba vingi litahitaji viyoyozi viwili, kwa hiyo tafuta lenye plagi ya ampea 50, miguu minne. Hiyo inatoa wati 12,000. Ya ampea 30 inatoa 3,600, na Texas mwezi wa nane ukiwasha kiyoyozi na oveni ya maikrowevu pamoja, unakaa gizani.

Vyoo viwili maana yake mara nyingi ni matangi mawili ya choo, na midomo miwili ya kumwagia iliyo mbalimbali. Uliza iko wapi, ununue bomba la ziada mapema. Na tafadhali, vali ya tangi la choo usiiache wazi eti kwa kuwa umeunganishwa na shimo la kambi. Maji yatakimbia, vigumu vitabaki vikijenga kichuguu, na kichuguu hicho utakuja kukibomoa wewe. Iache imefungwa, mimina maji mengi, likifika theluthi mbili ufungue, kisha fungulia maji ya jikoni na bafuni yasafishe bomba.

Kwenye maegesho yasiyo na shimo, tangi la maji ya kuogea ndilo linalojaa kwanza, na kwa familia inayoswali tano kwa siku hujaa mapema zaidi. Bomba likiachwa linatiririka wakati mtu anatawadha, hesabu yake ni kubwa. Tulirudi kwenye birika. Kila mtu birika moja, na akimaliza anajaza la mwenzake.

Jiko la nje nililidhani ni mapambo ya wauzaji. Sasa samaki wote nawakaangia huko. Harufu ya kibua ikishaingia kwenye mapazia ya tela, hata ukivuka majimbo matatu inakufuata.

La mtumba? Panda juu ya paa utazame gundi ya maungio kama imepasuka, kanyaga sakafu kwenye pembe za slaidi uone kama inabonyea, na soma tarakimu nne za mwisho kwenye matairi, wiki na mwaka wa kutengenezwa. Tairi la tela huzeeka likiwa limesimama, kwa hiyo likikuonyesha kashata nzuri, yaani meno yake, usidanganyike.

Kabla ya kulipia kambi yoyote, uliza urefu wa eneo. Hifadhi nyingi za majimbo hazina nafasi ya futi 42, tumeshageuzwa getini usiku. Andika kimo cha tela kwenye karatasi mbele ya dereva. Letu ni futi 13 na inchi 4, na madaraja ya zamani hayasamehe. Watoto hukaa kwenye pikapu na mikanda, hata kwenye majimbo ambayo sheria ingewaruhusu kupanda ndani ya tela.

Siku ya kuondoka kila mtu ana kazi yake. Mume wangu hufunga sahani, kisha huvuta kidogo kwa mbele kuhakikisha pini imeshika kabla hajainua miguu ya tela. Mimi nafunga friji na makabati, binti anasimamia slaidi. Ngazi ya mlango wa nyuma tuliisahau mara moja, tukaiburuta hadi barabara kuu ikitoa cheche, mwenye lori akatupigia honi. Tangu siku hiyo ni kazi ya mdogo wetu. Anazunguka nyuma, anaipandisha, anatikisa kitasa mara mbili, halafu anakuja mbio dirishani kwa baba yake akipiga kelele, "Uani kumefungwa!"