Taa ya breki kwenye dashibodi ikiwaka: kagua kikopo cha oili

Kwanza shusha breki ya mkono hadi mwisho. Taa ikibaki inawaka, simama mahali salama na ukanyage pedali. Ikizama hadi chini au ikiwa laini kama sifongo, gari lisiendeshwe tena, livutwe.

Pedali ikiwa ngumu, fungua boneti huku gari likiwa limesimama tambarare. Kikopo cha oili ya breki kiko juu ya masta silinda (pampu kuu ya breki), na kina alama za MIN na MAX. Futa mfuniko kabla ya kuufungua, maana hata chembe ya mchanga huharibu mipira ya kuzibia iliyo ndani.

Oili kushuka taratibu kwa miezi mingi mara nyingi ni dalili ya pedi kulika: pistoni za kalipa (kifaa kinachobana pedi kwenye diski ya gurudumu) husogea nje na kujaza nafasi. Pima pedi, zikibaki milimita 3, badilisha. Usikimbilie kujaza, kwani pedi mpya zitairudisha oili juu na itamwagika, nayo hula rangi ya gari.

Ikishuka ghafla, inavuja. Kagua mipira ya kupitishia oili ya breki, kalipa na upande wa ndani wa magurudumu. Kuongeza oili hakuzibi tundu.

Tumia aina iliyoandikwa kwenye mfuniko, DOT 3 au DOT 4, kutoka chupa isiyofunguliwa. DOT 5 ni ya silikoni, haichanganywi nazo. Oili ya injini kamwe: huvimbisha mipira yote.