GUI Scale ya Minecraft inagoma kufika 3 kwenye laptop yenye kioo kidogo? Soma hapa

Juzi mdogo wangu, mtoto wa mamdogo, kanunua laptop ya mtumba Kariakoo, zile za maofisini zilizochoka zenye kioo cha 1366 kwa 768. Kaingia gemu la Minecraft kwenye seva ya wenzake, nusu saa haijaisha ananipigia, "kaka maandishi siyaoni kabisa, nimebandika pua kwenye kioo." Nikamjibu kwa mbwembwe kwamba hiyo kazi ya dakika mbili tu. Tulimaliza saa tano usiku. Naandika ili mwingine asipitie nilikopitia mimi.

Naongelea GUI Scale, ile setingi ya ukubwa wa maandishi na vitufe, kwenye Java Edition ya kompyuta. Wa Bedrock, lile toleo jingine la Minecraft, nyie ingieni Settings, Video, mtaikuta inaitwa GUI Scale Modifier, mambo yenu ni mepesi.

1. Sehemu yenyewe

Options, Video Settings, GUI Scale. Ikiwa Auto gemu linachukua namba kubwa kuliko zote inayoenea, 1 ni vidudu, 2 ni saizi ya kati, na kuendelea. Kama kioo chako ni 1920 kwa 1080 unafika mpaka 4 ukiwa fulskrini, weka 3 kacheze, huna haja ya kusoma huko chini.

2. Namba 3 haipo (hapa ndo palitula usiku)

Kwa dogo zilikuwepo Auto, 1 na 2, basi. Mi nikajifanya fundi: sasisha draiva ya grafiksi, haikusaidia. Futa gemu weka upya, haikusaidia, na bando lake la wiki likaenda na maji. Badilisha Java, wapi. Yaani nilishaanza kumlaumu aliyemuuzia laptop.

Mwishoni nikamwambia abonyeze F3 akiwa ndani ya gemu (laptop nyingi ni Fn na F3 pamoja), anisomee mstari unaoanza na Display upande wa kulia. Akasoma: 1366x705. Nikamwambia soma tena. 705. Mbona kioo ni 768?

Jibu ndo hilo sasa. Gemu linataka kila namba ya GUI Scale ipate pikseli 320 za upana na 240 za urefu. Namba 2 inataka 640 kwa 480, namba 3 inataka 960 kwa 720, namba 4 inataka 1280 kwa 960. Na haliangalii kioo chako kina ukubwa gani, linaangalia dirisha la gemu. Dogo alikuwa anacheza kwenye dirisha alilolitanua, kwaiyo ule mstari wa chini wa Windows wenye saa umekula pikseli 40, ule wa juu wenye kile kialama cha X umekula kama 23, zimebaki 705. Zinatakiwa 720. Pikseli 15 tu ndugu zangu, ndo zilizotukesha.

Dawa: F11. Gemu likawa fulskrini, 768 zote zikarudi, namba 3 ikatokea palepale. Kama F11 haifanyi kitu jaribu na Fn.

Ila fulskrini ina kero zake. Ukitoka kwa Alt+Tab kujibu meseji kioo kinaweza kuwa cheusi kidogo kabla hakijatulia, na ukirudi kwenye dirisha saizi inashuka tena 2, usidhani imeharibika. Kama wewe ni mtu wa kuchati huku unacheza, fanya hivi: raiti kliki kwenye ule mstari wa chini, ingia Taskbar settings, washa ile ya kuuficha wenyewe usipoutumia. Dirisha linapata 745 na 3 inakubali bila fulskrini. Mi binafsi naipenda zaidi hii.

Kuna watu watakwambia ushushe rezolusheni ya Windows. Usifanye. Kila kitu kinakuwa na ukungu, alafu unapunguza zilezile pikseli ambazo gemu linazihesabu, unajikuta umerudi 2 na macho yanauma. Na mod (nyongeza ya gemu inayotengenezwa na watu wengine) ya kukuza maandishi wala usihangaike nayo, ya nini wakati kitufe kipo?

Kingine, kama kwenye setingi za lugha umewasha Force Unicode Font, gemu halitaki namba witiri, ukiweka 3 linakupeleka 4 na vitufe vinabanana ovyo. Zima hiyo kwanza.

3. Kama menyu yenyewe huwezi kuisoma

Funga gemu kabisa, narudia, FUNGA, maana likiwa wazi litaandika setingi zake juu ya za kwako. Bonyeza Windows na R, andika %appdata%\.minecraft, fungua options.txt kwa Notepad, tafuta guiScale, weka guiScale:3, sevu. 0 maana yake Auto. Ukiweka namba isiyoenea gemu linaishusha lenyewe. Kama kwenye lancha (ile programu ya kuwashia gemu) ulishachagua folda nyingine ya gemu, basi options.txt ya kuhariri ni ya folda hiyo.

4. Chati

Ukishaweka 3, chati ya seva inakula kioo, kwa sababu upana wake wa kawaida ni 320 na kwa kioo cha 1366 hapo una kama 455 tu za kugawana (1366 gawa kwa 3). Chat Settings, shusha Width mpaka kama 200 na Chat Text Size kama asilimia 75. Dogo nilimwekea hivyo, anasoma vizuri.

Lile bango la pointi ambalo seva nyingi zinaliweka kulia halina setingi yake peke yake, linafuata GUI Scale. F1 inaliondoa, ila inaondoa na chati na mioyo na kila kitu, kwaiyo hiyo ni ya kupigia picha tu.