Figo au Ini? Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kwenda Kupima

Andika dawa zote unazotumia, mitishamba na virutubisho pia. Daktari si mpiga ramli.

Pima presha. Nefraitisi, yaani uvimbe unaoshambulia vichujio vya figo, mara nyingi huipandisha.

Altrasaundi ya ini huhitaji tumbo tupu, kwa kawaida saa 6 hadi 8 bila kula. Mkojo mzuri wa kupima ni ule wa kwanza wa asubuhi. Aliye kwenye hedhi asubiri imalizike, la sivyo damu hiyo itasomeka kama ya figo. Mazoezi makali nayo yaache siku moja kabla, maana hupandisha protini kwa muda.

Sasa lililomtesa shemeji yangu. Alikuwa akiamka macho yamevimba, na mkojo una povu lisiloisha haraka. Altrasaundi ikaonyesha ini lina mafuta, na kesi ikafungwa hapo hapo. Kila mtu akamhimiza apunguze uzito na sukari, ushauri mzuri kabisa, wa ini. Mgongo ukimuuma anameza diklofenaki, kwa kuwa jamaa walimtisha kwamba parasetamoli "inaua ini". Kumbe parasetamoli ina shida hasa ukizidisha kipimo. Diklofenaki na ibuprofeni ndizo zinazopunguza damu inayoingia kwenye figo. Hakuna aliyechovya kijiti kwenye mkojo wake, kipimo cha dakika chache tu! Kilipochovywa, miguu ilikuwa imeshajaa, presha iko juu, protini na damu tele. Ikabidi afanyiwe biopsi ya figo, yaani kutolewa kipande kidogo cha figo kikachunguzwe. Mafuta ya ini alikuwa nayo kweli, ila siyo yaliyokuwa yakimvimbisha.

Kwa hiyo usikubali jibu la kwanza linaloonekana kwenye picha. Ini lenye mafuta ni la kawaida mno, na kwa wengi halitoi dalili yoyote. Hata vimeng'enya vyake, vile vinavyopimwa kwenye damu, huweza kusomeka sawa. Likifikia makovu mazito, yaani sirosisi, ndipo tumbo hujaa maji na miguu huvimba. Uso unaovimba asubuhi, povu, au mkojo wa rangi ya chai ya rangi nzito, hayo ni maswali ya figo. Koo liliuma wiki 1 hadi 3 zilizopita? Litaje, hata kama limepona.

Omba kipimo cha protini kwenye mkojo na kretinini ya damu (taka ambayo figo huichuja), na uulize kiwango cha uchujaji wa figo. Kikiwa chini ya 60 (mililita kwa dakika) kwa miezi 3 au zaidi, ni ugonjwa sugu wa figo. Ukianzishiwa prednisolone, dawa ya steroidi ya kutuliza nefraitisi, ulizia sukari na uzito, kwa sababu hupandisha vyote viwili, na mafuta ya ini huongezeka kwa mlango huo. Usiikatishe ghafla pia.

Majibu yachukue kwa maandishi, na uyatunze. Pombe iache. Dawa ya jirani iache kwa jirani. Na mkojo ukipungua sana au pumzi ikibana, usingoje miadi, nenda siku hiyo hiyo.