Ukiambiwa "bajeti hamna" kwenye mkutano wa mtaa, uliza hivi

Wakuu, sisi wa milimani huku Mwanza jibu la "bajeti hamna" tumelizoea kama mawe yetu. Ziwa unaliona pale chini limejaa tele, we unapanda na ndoo kichwani. Mi nilishapigwa hilo jibu mkutanoni nikakaa chini kimya, siku hizi sikai.

Kuna mkataba wa kimataifa wa haki za kiuchumi, kijamii na kitamaduni, wa 1966, Tanzania tuliingia 1976. Kifungu cha 2 kinakubali kabisa kwamba nchi haina hela ya kila kitu, haki zitatimizwa hatua kwa hatua, ila kwa kadiri ya mwisho ya uwezo uliopo. Hapo ndo pa kushika. Usisimame ukasema "tunataka maji leo", watakumaliza. Uliza mwaka jana mlichukua hatua gani, mwaka huu ipi, na hela iliyokuwepo imeenda wapi? Kama mtaa wa jirani wamepata nyie mmerukwa, sema, maana kuacha ubaguzi hakusubiri bajeti. Na kama kioski cha maji kilikuwepo kikafungwa, kitaje kwa jina, kurudi nyuma kunadai maelezo mazito kuliko yote.

Sasa maendeleo endelevu yanaingiaje? Yale malengo 17 ya Umoja wa Mataifa ya 2015, la 6 ni maji na usafi, mwisho 2030. Kisheria hayambani mtu (anayekwambia ukashtaki kwa lengo namba 6 anakupoteza), ila yanakupa tarehe, ile "hatua kwa hatua" isigeuke milele. Tena yanatugusa na sisi, maana mvua ikinyesha kuna watu wanafungulia vyoo, uchafu unateremka Mto Mirongo mpaka ziwani, ziwa hilohilo tunalonywa na wajukuu watakalonywa. Kwa hiyo ukidai bomba la maji dai na la majitaka hapohapo. Wakisema mawe hayachimbiki waambie Igogo na Mabatini, hapahapa Mwanza, mabomba madogo ya majitaka yalipitishwa katikati ya mawe hayohayo.

Ikishindikana kwa mdomo, andika. Barua kwa mtendaji, nakala kwa diwani, omba taarifa za mradi kwa Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016. Mahakamani usikimbilie ibara ya 11 ya Katiba (ile ya kazi, elimu na msaada wa jamii), ibara ya 7 imeshaifungia mlango, inasema mahakama haina uwezo wa kuiamulia. Shika haki ya kuishi. Wakazi wa Tabata kwenye ile kesi ya dampo ya 1988 walishinda jiji la Dar, na jaji akaihusisha hewa chafu na haki hiyo ya kuishi, ibara ya 14. Siku hizi ni rahisi zaidi, Sheria ya Mazingira ya 2004 kifungu cha 4 inakupa haki ya mazingira safi waziwazi.

Na ile barua, nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa siku hiyohiyo. Yangu ya kwanza haikuwa nao, nikaambiwa haijawahi kufika.